Nusu Iliyolala Kushoto

Habari ya kifo chake ilinifikia ikiwa imeharibika. Nilikuwa nyumbani Bukoto nakunywa chai ya asubuhi, simu ikalia, nikaona nimetumiwa faili lenye jina refu: TANZIA MWISHO MWISHO KABISA. Nikalifungua. Vikatokea visanduku vitupu, safu juu ya safu, na katikati yake neno moja tu lililosalimika, nalo ni "marehemu". Basi tumefika huko, ndugu zangu. Mtu anakufa, na watu wake wanakutumia visanduku. Marehemu nani? Anazikwa wapi? Nikampigia aliyenitumia, mwanamke mmoja mwenye duka la kuchapa pale Wandegeya, nikamwuliza ni nani aliyefariki. Akanijibu, "Eh, mzee, kwako imekataa? Kwangu inafunguka vizuri." Lo! Mimi namwuliza habari za maiti, yeye ananijibu habari za simu yake. Nilipopandisha sauti ndipo akasema, "Pole, mzee. Ni yule mwalimu wa Congo. Yule wa kibodi."

Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba sina desturi ya kumsifu mtu kwa sababu tu amekufa. Na huyu, tuseme ukweli, hakuwa mtu wa kupendeka kwa urahisi. Alikuwa mwalimu wa hesabu huko Bukavu kabla vita havijamtoa, na alipofika Kampala akafungua shule ya watoto wa Kikongo kule Makindye, vyumba vya mbao nyuma ya kanisa, mvua ikinyesha masomo yanasimama kwa sababu ya kelele za mabati. Lakini ukimwona njiani ungedhani ni waziri. Suti, tai, viatu vinang'aa hata wakati ambao Makindye yote ni tope. Ukimwita "mzee" hageuki. Ukimwita "bwana" anageuka nusu. Ilikuwa lazima useme "mwalimu". Alikuwa mbishi, mwenye majivuno, na kwa miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumsikia akiomba radhi. Sikuwa rafiki yake, nilikuwa mtu anayefahamiana naye tu, na mara nyingi hata huko kufahamiana kulinichosha.

Hiyo kibodi nayo ilikuwa kituko cha mji. Kompyuta za kwao zilifuata Kifaransa, na kibodi ya Kifaransa herufi zake hazikai mahali zinapokaa zetu. Pale ambapo vidole vyako vimezoea kuikuta A, wao wameiweka Q. Mwalimu alikataa katakata kujifunza upya. Akawa anatembea na kibodi yake mwenyewe ndani ya mfuko wa plastiki, waya ukining'inia nje, anapanda na kushuka Wandegeya akitafuta duka lenye nafasi. Akiingia, anachomoa kibodi ya duka, anachomeka yake, anaibadilisha mashine isome Kifaransa, anachapa mtihani wake, analipa, anachomoa, anaondoka. Hairudishi mashine ilivyokuwa! Anayekaa baada yake, maskini mwanafunzi wa chuo mwenye tasnifu ya kuwasilisha siku hiyohiyo, anabonyeza A anapata Q, anatafuta nukta anapata kitu kingine, anaanza kulia. "Yule mzee wa Congo ameroga komputa tena!" Ndivyo walivyokuwa wakisema, na kuna duka lililompiga marufuku kabisa.

Mimi nilimjua kwa njia hiyohiyo. Siku moja nilikaa baada yake ili nimalizie safu yangu, na sentensi ya kwanza ikatoka lugha isiyosemwa na kabila lolote duniani. Mwenye duka akaniambia ni virusi, tui-"format" mashine, yaani tuifute yote. Nikakumbuka ule waya niliouona ukining'inia kwa mtu aliyekuwa akitoka mlangoni. Nikatoka mbio, nikampata mbele kidogo ya kituo cha polisi, nikamkamata mkono kama mwizi. Akauangalia mkono wangu mpaka nikauondoa. Akarudi nami dukani, akabonyeza mahali fulani, mashine ikarudi katika hali yake. Halafu badala ya kuomba radhi akatufungulia darasa. "Haikukuwa mugonjwa," akasema kwa Kiswahili chake cha Kivu. "Ilikuwa inangojea Kifaransa tu. Ninyi hapa kila kitu munaita virusi. Mutu akikohoa virusi, faili ikifunguka mubaya virusi. Faili ikifunguka mubaya usiitukane. Uliza kwanza: ilizaliwa kwa mashini gani? Na ile mashini inasemaka luga gani?"

Alinikera sana siku hiyo, lakini maneno yake nilikwenda nayo nyumbani. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba swali hilo lilikuwa limemchosha yeye mwenyewe. Kila dirisha la ofisi alilosimama mbele yake katika mji huu aliulizwa alizaliwa wapi na anasema lugha gani, na kila alipojibu mtu alifunga jalada lake na kumwambia aje Alhamisi. Yeye alitaka swali lile liulizwe kwa nia ya kumsaidia anayeulizwa. Basi tukawa tunaonana. Akija Wandegeya ananitafuta, ananiita "muandishi", tunakula katogo, ndizi na matumbo, kwenye kibanda kimoja, tunabishana mpaka sahani zinaondolewa.

Niliingia katika mkasa ninaotaka kuwasimulia leo kwa sababu ya lugha. Kampala ni mji wenye ugomvi wa zamani na Kiswahili. Hata miaka mingi baada ya vita vyetu wenyewe kwisha na ofisi kufunguliwa upya, watu wengi hapa walikuwa bado wanakisikia Kiswahili kama sauti ya mtu mwenye bunduki anayekuambia ushuke kwenye gari. Ofisa ambaye anakijua atakificha, mpaka ahitaji kukufokea. Mwalimu alikuwa na Kifaransa na Kiswahili, Kiingereza chake kilikuwa cha kununulia sukari. Alipokuwa na shughuli ya maana ofisini, alinichukua nimkalimanie. Ndiyo maana nilikuwepo, na ndiyo maana bado nasikia kinyaa hadi leo.

Palikuwa na shirika moja, sitalitaja, lenye ofisi nzuri yenye bustani huku kwetu Bukoto. Lilikuwa likiwalipia karo ya sekondari watoto wa wakimbizi waliofanya vizuri zaidi. Kwa shule ya mwalimu huo ndio ulikuwa mlango pekee. Mtoto aliyemaliza msingi pale Makindye bila ufadhili huo, masomo yake yaliishia kwenye mabati yale. Na mwaka huo mwalimu alikuwa na msichana mmoja ambaye alimzungumzia mpaka nikachoka kumsikia. Yatima, analelewa na shangazi yake, mwanamke anayezungusha vitenge kichwani mtaa kwa mtaa. "Ule mutoto," aliniambia, "anakosoaka mimi. Mimi! Ninaandika kwa ubao, ananyosha mukono: mwalimu, hapo umesahau alama. Na anakuwaka na haki." Kwa mtu mwenye majivuno kama yake, hiyo ilikuwa sifa isiyo na kifani.

Sasa nieleweni vizuri, wasomaji, maana hapa ndipo penyewe. Sisi wengi tulisomeshwa na walimu wa tiki na mkasi. Jibu ni sahihi au si sahihi, basi. Mwalimu huyu kwao alifunzwa kutoa nusu. Mtoto akienda njia sawasawa akateleza kwenye hatua ya mwisho, anapewa nusu ya alama, na mwalimu hana ruhusa ya kumnyima wala kumwongeza. Alikuwa akisahihisha kwa uchungu, anarudi nyuma anatafuta mahali mtoto alipoanza kukosea. Kwa hiyo watoto wake, hasa wale waliojaribu maswali magumu, alama zao zilijaa nusu: sabini na mbili na nusu, themanini na moja na nusu. Na nusu hiyo kwa mkono wa Kifaransa huandikwa kwa koma. Saba, mbili, koma, tano. Kwa mkono wa Kiingereza, mkono wa ofisi zetu, huandikwa kwa nukta. Koma kwao, nukta kwetu. Jambo dogo kiasi gani!

Aliwaandikia watoto alama zao kwenye mashine moja kuukuu pale Wandegeya, akapeleka. Ofisi ikasema faili halifunguki, alete jingine. Akaleta jingine, likafunguka likiwa visanduku vitupu. Mwisho wenye maduka wa Wandegeya wakamshauri alihifadhi kama maandishi matupu, yasiyo na pambo lolote, kwa sababu maandishi matupu hufunguka popote. Wakampa ushauri mzuri, sina neno nao. Faili likafunguka kule Bukoto, safi, majina upande huu, alama upande ule, na hakuna aliyelalamika. Nimeishi na mashine hizi muda wa kutosha kujua kwamba faili linalofunguka visanduku halina madhara makubwa, kwa kuwa hata mjinga ataona kwamba limeharibika. Linaloua ni lile linalofunguka vizuri likiwa na uongo ndani.

Orodha ya waliochaguliwa ilipobandikwa, jina la msichana halikuwemo. Alikuwemo kijana mmoja ambaye, kwa maneno ya mwalimu mwenyewe, "anaogopaka hesabu hata za vidole". Tukaenda Bukoto. Shangazi na msichana walikuja nasi, wakabaki kwenye benchi karibu na geti, furushi la vitenge miguuni, kwa kuwa askari wa mlangoni alisema wanaoingia ni wawili tu. Msichana alikuwa amevaa sare, imefuliwa, imepigwa pasi mpaka inasimama. Hakuna aliyemwambia avae sare siku ile.

Ofisa wa elimu alitupokea kwa tabasamu. Mtu nadhifu, shati jeupe, mikono laini. "Karibuni, ssebo, kaeni," akasema kwa heshima ya Kiganda, kisha akahamia Kiingereza, nami nikawa nakalimani. Akatugeuzia kioo cha kompyuta tuone. Mbele ya jina la msichana jumla yake ilikuwa ndogo ajabu, kama ya mtoto aliyefanya somo moja akaugua. Mwalimu akashika kichwa. Ofisa akaona tunamshuku, akatuambia kwa Kiswahili chake cha Kampala ili sote tuelewe: "Hapa kwetu hakuna rushwa, hakuna kabila. Si mimi nimehesabu. Komputa ndiyo imesema. Huyu mtoto yenu alianguka."

Mwalimu alikuwa ameinama mbele ya kioo, pua karibu inagusa. Kisha akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. "Muandishi, angalia vile zinalalaka." Nikaangalia. Kweli bwana, katika safu za alama, nyingine zilikuwa zimelala upande wa kulia na nyingine upande wa kushoto. Akanieleza, nami nikamweleza ofisa. Mashine huzilaza namba kulia na maneno kushoto. Sabini na mbili kamili ilipofika, mashine ya Kiingereza ikaitambua kuwa namba. Sabini na mbili na nusu ilipofika na koma yake katikati, mashine ikaona hiyo si namba, ni neno tu, sawa na mtu aliyeandika "ndizi" kwenye safu ya alama. Na mashine ikiambiwa ijumlishe, hujumlisha namba na kuyaruka maneno, wala haisemi chochote. Mtoto aliyepata alama kamili alihesabiwa. Mtoto aliyepata alama hiyohiyo na nusu juu yake alipoteza yote. Kadiri msichana alivyopata nusu nyingi, ndivyo alivyofutika. Tuliambiwa tangu utotoni kuwa haba na haba hujaza kibaba, kumbe kule Bukoto haba ilikuwa inatoboa kibaba.

"Omba ruhusa niguse," mwalimu akaniambia. Ofisa akaruhusu. Mwalimu akaenda kwenye mstari wa msichana, akaiondoa koma, akaweka nukta. Alama ikaruka kutoka kushoto kwenda kulia, mbele ya macho yetu, na jumla ikapanda. Akafanya somo la pili. Ikapanda. La tatu, la nne. Jumla ya yule mtoto ikapanda ikapita ya yule kijana, ikapita za wengine wote, ikakaa juu ya orodha nzima. Sijawahi kufurahia kompyuta maishani mwangu kama dakika ile. Mwalimu akasimama, akavuta koti lake, akamtazama ofisa kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeelewa hatimaye.

Na ofisa alielewa! Msije mkadhani nilikuwa mbele ya mjinga. "Eh, bambi, pole," akasema, akatikisa kichwa, huruma ikamjaa usoni. "Kumbe." Akauangalia mlango. Halafu akaanza. Orodha imeshapelekwa kwa wakubwa. Shule zimeshaambiwa. Akiigusa sasa wataulizana huko juu ni nani aliyekosea, na atakayeonekana mbaya ni yeye. "Kale, basi, mwalimu, tuone mwaka ujao. Na wewe pia, hizi nusu za nini? Weka namba mzima kama watu wengine." Nikamkalimania mwalimu, ingawa alikuwa amesikia. Akanijibu polepole: "Mwambie ile nusu haiko yangu. Siwezi kuitupa. Ni ya mutoto." Nikamwambia ofisa. Akatabasamu.

Kisha akashika kipanya chake akaenda kulifunga faili. Mashine, kama ilivyo kawaida yake, ikamwuliza kama anataka kuyahifadhi mabadiliko. Nililiona swali lile kwenye kioo, na mwalimu aliliona. Ofisa akabonyeza "Hapana". Alama zote zikarudi kulala kushoto. Akatushukuru kwa kuja.

Nimeona mengi katika mji huu. Nimeona watu wakipiga kelele ofisini, wakitupa majalada, wakitukana mama za watu. Hakuna lililonichukiza kama kidole kile kimoja, kimeoshwa vizuri, kinagusa mahali pale bila hasira. Laiti angekuwa hajui! Tulipofika getini, msichana alikuwa amesimama. Mwalimu, aliyekuwa na maneno kwa kila jambo, alinyoosha tai yake mara mbili. Mwisho akamwambia, "Ulishinda. Mashini imeona, na ofisa ameona." Uso wa mtoto ukafunguka. "Sasa nitaanza siku gani, mwalimu?" akauliza. Shangazi yake, ambaye alikuwa mtu mzima na alikwisha kututazama nyuso zetu, aliinama akabeba furushi lake kichwani.

Mwaka uliofuata shirika lilikuwa linapokea wale tu waliomaliza mwaka huo. Msichana akaanza kuzungusha vitenge na shangazi yake. Mwalimu alimfundisha jioni kwa muda, bure, baadaye mtoto akawa anakuja amechoka, baadaye hakuja. Na wazazi wengine wakamfuata mwalimu wakamwambia waziwazi: tupunguzie hizi nusu zako, zitatumalizia watoto. Hawakuwa na kosa, nani anataka mwanawe awe wa pili kufutika? Aliwauliza kitu kimoja tu: nizipandishe au nizishushe? Nikizipandisha ninadanganya, nikizishusha ninaiba. Akamkabidhi mwalimu mwenzake kazi ya kuandika alama, akatundika kibodi yake kwenye msumari darasani, na Wandegeya ikapumua. Kuanzia hapo nilipokutana naye alikuwa mpole, na sikuupenda upole ule. Nilitamani anitukane.

Siku hizi kila ninapoingia ofisi naambiwa kompyuta imesema. Zamani karani alikuwa anasema mkubwa amesema, na wewe ukawa unajua kuna mkubwa, ana nyumba, ana mke, unaweza kumvizia ukamlilia. Sasa mkubwa amejificha ndani ya kisanduku. Wala sizichukii mashine, msinielewe vibaya, maana nyingine ndiyo hii ninayoandikia. Ninachokichukia ni watu waliopata pa kujifichia, wakajisikia wasafi. Tunajisifu kwamba tumeondoa upendeleo kwa kuweka mashine. Upendeleo haukuondoka, umevaa shati jeupe tu.

Tulimzika mwalimu katika makaburi ya nje ya mji, kwa kuwa kwao hakufikiki. Wakongomani wa Makindye walikuja wote, waliimba tangu getini mpaka kaburini. Presha ndiyo iliyomchukua, walisema. Na hamtaamini nani alishuka kwenye gari zuri akiwa na shada la maua. Ofisa wetu! Amenenepa, amepanda cheo, shati bado jeupe. Mchungaji akamkaribisha aseme neno kwa niaba ya marafiki wa shule. Akasema marehemu alikuwa mtu wa kanuni, mkali kwa mambo madogomadogo. Akasema mwanzoni mafaili yake yalikuwa yanawasumbua kidogo ofisini, watu wakacheka kwa adabu. "Lakini alikubali kushirikiana," akasema, "na kutoka siku ile, faili zake hazikutusumbua tena."

Pale mbele, kati ya akina mama, akasimama mwanamke amefunga mtoto mgongoni. Sikumjua mpaka aliposema. "Mimi njo ule mutoto," akasema. Hakupaza sauti. "Ule wa zile nusu. Papa, unasema hazikukusumbua tena. Ni vizuri. Mimi ninauliza neno moja, kabla batie mwalimu udongo. Nusu yangu iko wapi?" Mchungaji akatazama chini, kisha akaanzisha wimbo haraka, na mchanga ukaanza kumwagwa.

Ofisa akajisogeza kando yangu, akaninong'oneza kwa Kiingereza: yule mama anasema nini? Alikuwa amesikia vizuri, Kiswahili anacho, nilikisikia kwa masikio yangu siku ile Bukoto. Lakini nilikuwa mkalimani wa mwalimu, na hiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho kwake. Nikamtafsiria neno kwa neno. Akatikisa kichwa kwa huruma, ileile. "Mwambie aandike, atume ofisini kwa imeili," akasema. "Nitafungua." Nikatema mate chini, karibu na kiatu chake, mbele ya kaburi, na Mungu anisamehe kama anaona ni dhambi. Sikumwambia yule mama aandike kitu. Nilikwenda nikampa mkono, nikamwambia kwamba siku ile nilikuwepo ndani, na kwamba alama zake nilizoziona ndizo zilizokuwa juu ya zote. Akasema anajua, mwalimu alimwambia.

Mtaniuliza tumejifunza nini. Wengi wenu mnaonisoma mnaketi mbele ya mashine kutwa nzima, na majina ya watu msiowajua yanapita mikononi mwenu. Faili likifunguka likaonyesha sifuri mbele ya jina la mtu, ulizeni lilizaliwa wapi kabla hamjamhukumu mwenye jina. Hilo ni fundisho lake, nami nalirithi. Langu mimi ni dogo zaidi. Mashine haikumdhulumu yule mtoto mpaka mwisho. Ilikosea, ikasahihishwa, na kabla ya kufungwa ikauliza kwa adabu kama sahihisho lile libaki. Aliyejibu hapana alikuwa mtu.